Kukata au kuchoma: upanga ukifika karibu

Barazani kwetu Ngamiani, Tanga, ubishi huu hauishi: watu wawili wakikutana chochoroni kwa panga, mmoja anachoma, mwingine anakata, nani atatoka mzima?

Wanaoitetea ncha wana ushahidi mzito. Vegetius, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya vita, aliwasifu askari wanaochoma: pigo la makali huzuiwa na deraya na mifupa, ilhali ncha ikizama inchi mbili tu yatosha kuua. Waingereza nao mwaka 1908 waliwapa askari wao wa farasi upanga mnyoofu, mwembamba, uliotengenezwa kwa kuchoma. Hata chochoro lenyewe liko upande wao. Ukiinua mkono kufyeka, upanga unagonga ukuta na kwapa linabaki wazi.

Mimi bado nasimama na makali, kwa sababu kuua na kuzuia ni mambo mawili. Richard Burton, msafiri wa Kiingereza aliyepita Tanga na Pangani mwaka 1857, miaka miwili nyuma alichomwa mkuki kule Berbera, pwani ya Wasomali. Uliingia shavu hili ukatokea lile, naye akajiokoa. Mtu aliyechomwa huweza kuendelea kupigana kwa muda, na pengine upanga wako umenasa mwilini mwake. Aliyekatwa kano za mkono hashiki tena mpini, hata awe na hasira kiasi gani.

Ila ukataji wenyewe uwe ukataji. Mtazameni muuza madafu: hapungi panga hewani. Kiwiko kinakaa karibu na ubavu, pigo ni fupi, na makali yanafuata njia ileile ya pigo. Yakilala kidogo tu, panga linateleza kwenye ganda. Pigo kama hilo linaenea chochoroni. Wenzangu wa barazani wanapima kukata kwa mtu anayefyeka majani, na hapo ndipo tunapopishana.

Wakishakabana mashati, nakubali, upanga mrefu hauna nafasi. Hapo ni jambia au sime.

Jambo linalosahaulika kwenye ubishi wetu ni mkono wa kushoto. Waomani waliokuwa na upanga mrefu mnyoofu walishika pia kingao kidogo cha ngozi. Kingao hicho kinaisukuma ncha pembeni, na kwa kitambo hicho mkono wa mchomaji umenyooka mbele ya makali, hauna kinga.