Mark X ya familia: nani hasa anakutoza nguvu zake?

Shemeji yangu anakaa Kimara. Ana watoto watatu, mama mkwe anayekuja kila likizo, na kiwanja Kibaha anachokwenda kukiangalia kila baada ya wiki mbili. Mwezi uliopita aliniambia anataka kuuza Spacio yake anunue Mark X, toleo la pili, GRX130, lenye injini ya V6, yaani ya silinda sita, ya lita 2.5. Dada yangu akanipigia pembeni: "Kaka, mwambie ukweli. Lile gari litatula." Nimekaa na hesabu zao wiki nzima, na nadhani kila mmoja ameshika nusu ya ukweli, tena kwa sababu ambazo si zile wanazozitaja.

Toyota iliiunda Mark X kuanzia 2004 hadi 2019. Ni sedani inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ndugu wa damu wa Crown, na ndiyo maana fundi anayeijua Crown Athlete hashangai akifungua boneti yake. Toleo la kwanza, GRX120, lilikuwa na nguvu ya farasi 215 kwenye injini ya 2.5. Toleo la pili lilishuka hadi 203 kwa sababu lilirekebishwa litumie petroli ya kawaida ya Japani badala ya ile ya daraja la juu. Mauzauza ya wauza magari yangepungua sana kama wanunuzi wangejua hilo: namba ndogo hapo ni faida.

Watu huanza kuliogopa gari la namna hii kwenye kodi, na hofu hiyo imepotea njia. Chukua gari lenye thamani ya milioni 10 lilipofika bandarini. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, tufike milioni 12.5. Injini inayozidi cc 2000 hulipa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, na ya kati ya cc 1001 na 2000 hulipa 5. Ukiweka na VAT ya asilimia 18 juu yake, tofauti ya injini hizo mbili haifiki laki nane. Kinachouma ni ushuru wa uchakavu: gari lililopita miaka 10 linaongezewa asilimia 30, yaani milioni 3.75 kabla ya VAT. Lakini uchakavu hauulizi farasi. IST ya mwaka huohuo inakatwa kwa asilimia hiyohiyo.

Bima nayo haijui unaendesha nini. Uingereza, kwa miaka mingi magari yamepangwa kwenye makundi 50 kwa kuangalia nguvu, bei ya spea na ugumu wa matengenezo, na kijana akitaka V6 anaweza kukuta bima ya mwaka inakimbizana na bei ya gari lenyewe. Kwetu bima kubwa ya gari binafsi, ile inayolipa hata gari lako, huanzia asilimia 3.5 ya thamani ya gari, na bima ndogo, inayolipa uliyemgonga tu, ni shilingi 118,000 pamoja na VAT, uwe na Vitz au uwe na Mark X. Kwa hiyo sedani yenye nguvu, ikishazeeka na kushuka bei, inakatiwa bima kama gari la mwalimu mstaafu.

Basi nani anakutoza? Pampu, halafu gereji.

Tuanze na pampu. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya kila mwaka ya leseni ya gari na kuihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kwa kila lita. Tulishangilia, na wenye magari madogo walikuwa na haki ya kushangilia. Mwenye V6 naye alihamishiwa dirisha la kulipia, na hapo analipa kwa kila lita anayochoma. Kwenye foleni za Dar, Mark X ya 2.5 inakwenda kama kilomita 7 kwa lita. Spacio iliyotunzwa inafika 13. Kwa kilomita 15,000 kwa mwaka, na tuseme lita ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, Mark X itakunywa zaidi ya milioni 6.4 na Spacio kama milioni 3.5. Milioni tatu kila mwaka ni ada ya shule ya mtu.

Gereji ndiko dada yangu aliko sahihi zaidi, ingawa yeye anafikiria spea kukosekana. Spea zipo, Ilala na Kariakoo zimejaa. Tatizo ni idadi. Spacio mbele ina mkono mmoja wa chini wa kushikilia tairi kila upande. Mark X ina wa juu na wa chini, na nyuma ina mikono kadhaa, kila mmoja na bushi zake, zile raba za kwenye maungio. Ndiyo inayofanya gari litulie kama limewekwa juu ya reli, na ndiyo itakayokufanya ujuane na fundi wa miguu kwa jina. Plagi ni sita. Oili ni zaidi ya lita sita. Ukikuta imevalishwa rimu za inchi 18 na tairi nyembamba, kila tuta lililojengwa usiku bila rangi ni mnada wa rimu.

Halafu kuna jambo ambalo dalali hatakuambia. Injini hii ya 2.5 inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo petroli haipiti juu ya vali za kuingizia hewa na haizioshi. Mvuke wa oili unagandia pale, unakauka, unakuwa masizi. Gari linaanza kutetemeka likiwa limesimama kwenye taa. Mafundi wa kubahatisha watakubadilishia plagi, kisha koili, kisha watakuambia injini imechoka. Mark X yangu mimi ilipita kwa mafundi wawili kabla wa tatu hajafungua manifoldi, lile bomba la kuingizia hewa, na kukwangua vali. Tulipowasha ikatulia kama jokofu. Kwa upande mwingine, injini hiyohiyo inatumia mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, na ukibadilisha oili kwa wakati haina haraka ya kufa.

Sasa utetezi wa shemeji. Barabara ya Chalinze hadi Segera ni njia mbili, malori hayaishi. Kupita lori ukiwa na watu watano na mizigo ndani ya gari la lita 1.5 ni maombi marefu upande usio wako. V6 inamaliza sala hiyo mapema. Nguvu ikitumika hivyo ni usalama, si sifa, ingawa nakiri kwamba mguu uleule unaopita lori ndio unaosahau kibao cha 50 na kukutana na tochi. Na wanaomcheka wengi wao wanaendesha magari ya juu (SUV) ya lita 2.4 yanayokunywa karibu sawasawa, ila hayo hakuna anayeyaita ya anasa.

Kinachonishangaza ni pale wenye magari haya wanapobana matumizi. Gari la milioni 15, bima kubwa kwa asilimia 3.5 pamoja na VAT ni shilingi 619,500. Tofauti na bima ndogo ni kama laki tano. Mtu anachoma milioni tatu za ziada kwenye mafuta bila kulalamika, kisha anaokoa laki tano kwa kuacha gari zima bila kinga, wakati taa ya mbele na bampa tu vinaweza kuzila hizo laki tano asubuhi moja. Au anakata bima kubwa lakini anaandikisha thamani ya chini. Gari la milioni 20 likiandikwa 10, ukipata hasara ya milioni 4 kampuni ina haki ya kukulipa 2, kwa sababu nusu nyingine ulikubali kuibeba mwenyewe. Ni kweli baadhi ya kampuni husita kuchukua bima kubwa ya gari lililozeeka. Hilo liulizwe kabla ya kununua, si baada.

Nilimuuliza shemeji swali moja: utalipeleka Posta kila siku? Kama ndiyo, dada yangu ameshinda, na Spacio ibaki. Kama atapanda mwendokasi siku za kazi na gari litoke kwa Kibaha, kanisani na safari mbili za Moshi, kilomita 6,000 kwa mwaka, tofauti ya mafuta inashuka hadi kama milioni 1.2, na hapo mimi niko upande wake, alimradi laki tano za bima zisiguswe na fungu la bushi liwekwe kando tangu Januari.

Amesema atafikiria. Asichelewe mno: kwa kuwa Mark X za mwisho ni za 2019, hata hizo zinaelekea kwenye ule ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, kwa hiyo zilizokwisha kuingia nchini zitashika bei, na wenye nazo wameshaanza kujua. Nilipohuisha bima yangu mwaka huu nilimwomba wakala aandike thamani kubwa kuliko ya mwaka jana. Akauliza mara mbili kama nimesema kubwa au ndogo.