Ziwa Tunalo, Makasia Tunayo, Klabu Iko Wapi?

Wiki iliyopita nilihudhuria kikao cha kupanga bonanza la michezo ya vyuo hapa Mwanza. Orodha ikasomwa: soka, pete, wavu, kikapu, riadha, kuvuta kamba, kukimbia na magunia, kufukuza kuku. Nikanyoosha mkono nikauliza mbona mbio za mitumbwi hazimo. Mwenyekiti akanijibu kwa upole kabisa: "Mzee wangu, hatuwezi kumpeleka mtoto wa watu ziwani." Wajumbe wakaitikia kwa vichwa, tukahamia kwenye ajenda ya tenti na maji ya kunywa. Madirisha ya ukumbi yalikuwa wazi, na ghuba yote ya Ziwa Victoria ilikuwa pale chini imetulia, mitumbwi inapita.

Jibu lile limenikaa kooni mpaka leo, na ninaandika nikiwa bado na hasira, kudai vyuo vyetu viwe na klabu za makasia.

Mtoto wa watu yuko ziwani tayari. Anayesoma Malimbe amepanga chumba hatua chache kutoka majini. Wapo wa Sengerema wanaovuka kwa kivuko cha Kamanga. Wa Ukerewe, Ukara na Kome akitaka kwenda likizo lazima apande chombo, apende asipende. Mwisho wa wiki vijana wanajaa ufukweni Luchelele, wanaingia majini na nguo zao, asiyejua kuogelea akimfuata mwenzake asiyejua kuogelea. Tusiwadanganye wazazi kwamba tumewaweka watoto wao mbali na maji. Tulichowanyima ni mtu wa kuwafundisha.

Nina mpwa wangu anasoma Massachusetts, Marekani. Amekulia Igogo, hapahapa Mwanza, kwenye nyumba ambayo ukifungua mlango unaliona ziwa, na aliondoka hapa hajui kuogelea. Mwaka wa kwanza akajiunga na klabu ya makasia ya chuo chake. Wanapokea hata wasiowahi kushika kasia. Lakini hawakumkabidhi kasia siku hiyo. Walimpeleka kwanza kwenye bwawa aonyeshe kama anaelea, hakuweza, wakamfundisha taratibu mpaka akaweza, ndipo akaruhusiwa kukanyaga mashua. Machi akanipigia simu kwa furaha: "Mjomba, barafu imeyeyuka mtoni, tumeingia majini!" Nilifurahi naye, na nilipokata simu nikaumia. Kijana wa Igogo amefundishwa maji na watu ambao mto wao huganda.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia mbio zao za majira ya machipuko kwenye simu, na nimeupenda mpangilio wao. Oktoba hivi, kabla ya baridi, wanashindana mwendo mrefu, mashua zikiachiwa moja baada ya nyingine na kila moja ikipimwa kwa saa. Baridi ikikaza wanahamia ndani, wanavuta mashine za mazoezi ya makasia miezi mizima. Kisha kuanzia mwisho wa Machi hadi mwanzoni mwa Juni ndipo mbio zenyewe zinapokuja: mita 2,000, mashua sambamba, chuo kwa chuo. Watu wanane wanavuta, kila mmoja kasia moja, na wa tisa, mwepesi wa mwili, ameshika usukani. Wale wanane wameipa mgongo njia. Hawaoni waendako, anayeona ni mshika usukani peke yake, nao wanakwenda kwa sauti yake. Mashua nzuri inamaliza kwa dakika sita hivi, na wakifika mwisho wamelalia makasia, hawana hata pumzi ya kushangilia.

Na huu si mchezo wa pembeni uliobuniwa juzi. Mashindano ya kwanza kabisa kukutanisha vyuo viwili vya Marekani, katika mchezo wowote ule, yalikuwa ya makasia: Harvard na Yale, mwaka 1852, tena ziwani, Winnipesaukee kule New Hampshire. Oxford na Cambridge kule Uingereza walishaanza mwaka 1829. Wenzetu walipopata chuo na maji mahali pamoja, waliviunganisha.

Sasa nije kwenye hofu, maana ndiyo kiini cha yote. Najua inatoka wapi. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikija Mwanza, mamia ya watu wakafa, na makaburi yao yako Igoma, tunayapita kila siku. Tarehe 20 Septemba 2018 kikapinduka kivuko cha MV Nyerere, kikiwa kimekaribia kabisa kutia nanga Ukara. Kivuko kile kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Mji huu umezika sana, na mzazi anayemwambia mwanawe "usiende ziwani" simlaumu hata kidogo. Wala sisemi kwamba kuogelea kungewaokoa walionaswa ndani ya chombo kilichopinduka, au kwamba kosa lilikuwa la abiria.

Ninachosema ni hiki. Zitazame tena tarakimu hizo mbili, 101 na zaidi ya 200, kisha ujiulize ni nani hapa kwetu amewahi kufundishwa kuhesabu watu kabla ya kupanda chombo. Nani amefundishwa kwamba uzito ukihamia upande mmoja chombo kinafuata? Kwenye ile mashua nyembamba ya watu wanane, mpwa wangu ananiambia, mmoja akigeuza kichwa tu kutazama kando, wote wanahisi mashua imelala. Wiki za kwanza hawafundishwi mbio. Wanafundishwa kukaa sawa. Mtu aliyekaa hivyo mwaka mzima, siku akifika gatini akakuta chombo kimeshiba watu na magunia, mwili wake utakataa kabla ya akili. Atashuka. Atamshusha na mama yake. Atamwambia nahodha usoni kwamba hapa hatuendi. Nipe vijana wa aina hiyo katika kila chuo cha Mwanza, warudi kwao Ukara, Maisome, Muleba na Musoma wakiwa walimu, waganga, maofisa tarafa. Kwangu hiyo ni kumbukumbu ya marehemu wetu inayowastahili kuliko hotuba za kila Mei.

Utaratibu wenyewe wa klabu za wenzetu ndio unaonishawishi. Mashua zikiwa majini, kocha yuko nyuma yao na boti ya injini, ndani yake majaketi okozi ya kutosha kila mtu. Radi ikisikika, hakuna anayetoka, na aliye majini anarudi. Upepo ukizidi, mbio zinaahirishwa hata kama watazamaji wamejaa. Kila chombo kikitoka kinaandikwa, kikirudi kinaandikwa. Niambie ni wapi kwenye mialo yetu kuna hata nusu ya hayo. Mwaka 1912 mashua ya Oxford na ya Cambridge zote mbili zilijaa maji katika mbio zilezile kwenye mto Thames. Waliopata aibu ile hawakuufunga mto. Walirudia mbio, na wanashindana mpaka leo.

Nimesikia pia ile kauli kwamba huu ni mchezo wa wazungu. Aliyeisema hajafika Ukerewe. Kanda hii watu wamevuta kasia kabla chuo chochote hakijajengwa, na si zamani sana kampuni ya bia ilikuwa ikidhamini mashindano ya mitumbwi, timu za wanaume na za wanawake, mwalo ukijaa watu mpaka juu ya mawe. Ng'ambo kwa jirani zetu wa Buganda, koo hushindana kwa mitumbwi mbele ya Kabaka. Ujuzi tunao. Uko mikononi mwa watu ambao hatujawahi kuwaita darasani.

Pale Mwaloni Kirumba kuna mzee wa Kikerewe, ameacha kuvua kwa sababu ya macho. Nilimweleza wazo langu akalichukua kwa uzito kuliko kikao kizima. "Mdogo wangu," akaniambia, "wafundishe kwanza upepo. Alfajiri unatoka nchi kavu unakusukuma nje, mchana unageuka unakurudisha. Mtumbwi wa tanga unakwenda na kurudi kwa huohuo. Asiyejua saa yake ya kugeuka, usimpe kasia." Kisha akaanza kunihesabia ni mafundi gani bado wanachonga makasia mazuri, na nani anaharakisha kazi akatumia mbao mbichi. Tulikaa mpaka wanunuzi wa dagaa wakafunga. Mtu huyu angeweza kusimama mbele ya wanafunzi kesho asubuhi, naye hana cheti hata kimoja cha kumwezesha kulipwa posho ya mhadhiri mgeni. Hilo nalo ni jambo la kurekebisha.

Kichocho kipo, nakubali, na hili ni zito kuliko mamba. Wanamichezo wapimwe, wapewe dawa kwa utaratibu, kazi ambayo Mwanza ina wataalamu wake waliobobea. Mamba na viboko wapo sehemu fulani, na wavuvi wanazijua, hatutashindania huko. Magugumaji yanakuja na kuondoka. Mchana ziwa linachafuka, basi tushindane asubuhi. Ile mashua ya mbio ya nyuzi za kaboni, yenye mita 17 na zaidi, ni ghali na ingevunjika kwenye mawimbi yetu, sina ubishi. Lakini nani kasema tuanze na hiyo? Mbio za makasia za ufukweni, kwa mashua pana zinazohimili mawimbi, zimeingizwa kwenye Olimpiki ya Los Angeles ya 2028. Mtumbwi wa mbao wa Kirumba unatosha kabisa kuanzia.

Na nikitaja Olimpiki nashindwa kunyamaza. Medali zetu ni mbili tu, za fedha, za wakimbiaji Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, Moscow, mwaka 1980. Mwanamke wa kwanza kuipeleka Uganda kwenye makasia ya Olimpiki ni Kathleen Noble, aliyekulia Kampala, kando ya ziwa hilihili. Alishiriki Tokyo, akarudi tena Paris mwaka 2024. Makasia alijifunzia wapi? Princeton, chuo kikuu cha Marekani. Binti wa Ziwa Victoria alilazimika kuvuka bahari ili apate kocha wa kumfundisha kuvuta kasia. Mpwa wangu naye hivyohivyo. Ni wangapi wako vyuoni Nyegezi na Bugando sasa hivi, wana mabega na mapafu ya kazi hiyo, ambao hawatapata nauli ya kwenda kujifunza kitu kilicho chini ya dirisha lao?

Wasichana hasa. Mwaka 1976 wasichana wa klabu ya makasia ya Yale walifika mpaka ofisini kwa wakuu wa michezo kudai bafu, kwa sababu wavulana walikuwa na lao, na wasichana walikuwa wakikaa kwenye basi wameloa. Walipata. Nawataka wa kwetu wawemo tangu siku ya kwanza, wasisubiri kudai.

Ningepanga hivi. Novemba, wanafunzi wapya wakishafika, tuanze na kuogelea tu, kwenye bwawa la hoteli yoyote itakayokubali kutupa saa zake za asubuhi. Asiyefaulu aendelee kufundishwa. Asiachwe na wala asipandishwe chombo. Januari na Februari mazoezi karibu na ufuko, mtumbwi mmoja kwa kila chuo, nahodha mzoefu nyuma. Masika ikipiga, Machi mpaka Mei, tukae nchi kavu tujenge mwili na tujifunze hali ya hewa, huduma ya kwanza na hesabu ya uzito. Wenzetu wanafungiwa na barafu, sisi tutafungiwa na mvua. Juni mvua zimekata, tushindane Jumamosi za asubuhi, mita 2,000 ndani ya ghuba, wazazi wakiona kila kasia kutoka ufukweni. Nyegezi kuna chuo kinachofundisha uvuvi, chenye watu wanaojua vyombo; waombwe wawe waamuzi.

Boti ya injini ya kocha ndiyo gharama kubwa, na hiyo sina. Majaketi okozi ya mtumbwi mmoja wa watu kumi nitanunua mimi, mapya, si yale yaliyopauka kwa jua. Chuo kitakachokuwa tayari kuanza na masomo ya kuogelea kinitafute kabla muhula wa kwanza haujafunguliwa, na yule mzee wa Kirumba ameshanikubalia kuja.