Saratani ikishasambaa, titi likatwe au liachwe?

Ndugu wakiambiwa saratani ya titi imefika kwenye mifupa au ini na daktari hataki kukata, wengi huondoka hospitalini wakiamini mgonjwa wao amekatiwa tamaa.

Daktari ana hoja. Utafiti wa hospitali ya Tata Memorial ya Mumbai, India, uliotolewa 2015 ulihusu wanawake 350. Waliotolewa titi hawakuishi zaidi ya wenzao. Utafiti mwingine wa Marekani, uitwao E2108, ukaleta jibu lile lile. Wa Uturuki ulionyesha faida baadaye, lakini wakosoaji walisema waliokatwa wengi walikuwa na ugonjwa mpole tangu mwanzo. Kinachorefusha maisha ni dawa zinazozunguka mwili mzima, na kuisimamisha kemo, yaani dawa hizo za saratani, ili kusubiri mshono upone ni hatari.

Hapo sina ubishi. Ila kilichopimwa kwanza ni urefu wa maisha. Katika E2108 hiyo hiyo, ugonjwa kukua tena palepale kifuani ulipungua kwa zaidi ya nusu kwa waliotibiwa titi. Kweli, hawakusema wanaishi vizuri zaidi. Lakini walioingizwa kwenye utafiti huo ni wale ambao dawa zilishautuliza ugonjwa wao. Hapa Dar wengi wanafika wamechelewa, wengine titi limeshapasuka na kuwa kidonda.

Mama wa Mbagala mwenye kidonda hicho hukunja kitambaa mara tatu chini ya kanga, kwenye daladala anatafuta kiti cha dirishani, mwishowe haendi tena kwenye kikoba wala msibani. Harufu ndiyo inayomfungia ndani, kabla hata ya maumivu. Kwake, kuambiwa "kukata hakusaidii" ni jibu la swali ambalo hakuuliza.

Na yapo ya kumfanyia. Vidonge vya metronidazo, vile vile vya amiba, vikisagwa na kunyunyiziwa kwenye kidonda hupunguza harufu. Mionzi hukausha damu inayovuja. Pale ngozi inaporuhusu kufunga, daktari wa upasuaji anaweza kutoa titi kwa ajili ya usafi tu, bila kumdanganya mtu kwamba atapona.

Maumivu ya mfupa nayo: mionzi ya siku moja hutuliza sawa na ya siku kadhaa, ingawa wengine huhitaji kurudia. Kwa aliyetoka Lindi na kufikia kwa shemeji Temeke, hiyo ni nauli na aibu ya kukaa ugenini. Tena inaacha nafasi kwenye mashine za Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, kwa anayefuata kwenye foleni, jambo ambalo hata mwenye kuhesabu gharama tu halipingi.