Asilimia 3 ya ndege mvumaji: mbona tunaisoma vibaya?

Kuhusu ndege mvumaji na kazi ya kuchavusha okidi (familia kubwa ya mimea ya maua) za tropiki za Amerika kuna makundi mawili ambayo hayasikilizani kabisa. La kwanza linaona picha tu, ndege kasimama hewani, mabawa hata hayaonekani kwa spidi, ua jekundu mbele yake, basi linamkabidhi kila kitu, okidi zote zake mpaka vanila. La pili limesoma kidogo na limechoka na hizo picha, linasema huyo ndege kwenye okidi ni mpita njia, kazi anafanya nyuki.

La kwanza tulimalize fasta. Vanila ni okidi ndio, na asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, ila wanaotajwa kwa ushahidi wa maana kwamba wanaichavusha ni nyuki. Kisiwani Réunion, kule Bahari ya Hindi, ambako nyuki hao hawapo, ilikuwa inachanua tu bila kuzaa hadi 1841, pale mtoto mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, alipopata njia ya kuichavusha kwa kijiti na kidole gumba. Kwa hiyo kwenye vanila ndege kapewa sifa ambazo si zake.

Kundi la pili ndo lina hoja, na hatuwezi kuliruka. Okidi ziko kama spishi 28,000, na makadirio yanayotajwa sana ni kwamba zinazotegemea ndege ni asilimia 3 hivi. Zilizobaki nyingi ni za nyuki, nzi, nondo, na kuna nyuki dume wa misitu hiyo ambao hawafuati hata nekta, ule utamu wa ndani ya ua, wanakusanya harufu tu. Tena karibu theluthi ya okidi zote hazimpi mgeni chochote, zinadanganya, sasa ndege mwenye njaa kila dakika atakaa hapo kufanya nini? Halafu kuna kosa letu sote, ua likiwa jekundu, refu kama bomba na halina harufu, tunaandika "la ndege mvumaji" bila mtu kukaa chini ya mti kuangalia. Okidi iitwayo Sacoila lanceolata ni nyekundu namna hiyo hiyo, na kule Florida, Marekani, ipo inayotoa mbegu bila kuchavushwa na mtu yeyote, ndege wala nani.

Haya yote nakubali. Ila hiyo asilimia 3 bana. Kwanza asilimia 3 ya 28,000 ni zaidi ya 800, kuna familia za mimea hazifikishi idadi hiyo hata ukizihesabu nzima. Pili, idadi ya spishi haikwambii kazi imefanyikaje. Okidi haimwagi chavua kama unga, inaifunga vifurushi, na kifurushi kina gundi yake. Ndege anaingiza mdomo kufuata nekta, gundi inanasa, anatoka nayo, ua linalofuata linaipokea sehemu yake inayonata na kifurushi kimoja kinatosha kujaza tunda zima mbegu maelfu kwa maelfu, ndogo kama vumbi. Yaani hapa haitakiwi mgeni wa kila saa, anatakiwa mmoja aje mara moja tu na afike.

Na nani anafika juu kwenye misitu ya ukungu ya milima ya Andes huko Amerika Kusini, baridi, mvua haikatiki, nyuki wengi wamejikunyata? Huyu mwenye damu moto. Usiku anashusha joto la mwili ili asife njaa, asubuhi anaamka lazima ale, mvua isiwe mvua. Okidi za Elleanthus kwa mfano, vimaua vyake vidogo vimebanana kichwa kimoja, mtu kakaa akaangalia, na wanaokuja ni ndege wavumaji.

Lakini kinachonimaliza mimi ni rangi. Chavua ya okidi kwa kawaida ni njano. Zile za ndege mvumaji, nyingi vifurushi vyake ni vya kijivu, kahawia, au bluu iliyofifia. Robert Dressler, mtaalamu wa okidi, aliandika kuhusu hili 1971, akauliza kwa utani, hivi hawa ndege wana makengeza au? Maana fikiria, mdomo mweusi mwembamba, pale karibu na ncha kumegandamana kitu cha njano, kiko mbele ya macho yake mwenyewe, si atausugua kwenye tawi au aukwangue kwa ukucha mpaka kitoke? Kikiwa cha kijivu kinapotelea kwenye mdomo, anaendelea na safari zake.

Mtu atasema hiyo ni dhana, na ni kweli ni dhana, na pia mdomo wa ndege ni laini mno, kitu kushika hapo ni shida kuliko kwenye mgongo wa nyuki wenye vinyweleo, vifurushi vingi lazima vinadondoka njiani. Sawa. Ila rangi hiyo hiyo imejitokeza kwenye okidi za koo tofauti, ambazo hazina undugu wa karibu, zinachofanana ni mgeni tu. Sasa anayesema ndege huyu ni mpita njia tu anieleze, ua limehangaika kubadili rangi ya chavua yake ili limfiche nani?