Homa ya ubongo: kipimo si cha mgonjwa peke yake

Kuna maneno nayasikia sana hapa Mombasa, hata kwa wahudumu wa afya: mgonjwa akiletwa na homa kali, shingo imekaza, anaongea ovyo, yaani dalili za homa ya ubongo, tibu malaria ya kichwa na homa ya uti wa mgongo chapchap, kupima virusi vinavyoletwa na mbu ni kutupa pesa maanake dawa yake hakuna. Hapo kwa kutibu haraka wako sawa kabisa, malaria ya kichwa haingoji mtu. Na kweli hivi vipimo vina shida zake, kingamwili (askari wa mwili wanaotafutwa na kipimo) za West Nile na za dengi, virusi viwili vya mbu, zinafanana hadi majibu yanachanganya.

Lakini wanaotaka tupime hawaeleweki, watu wanadhani wanamtafutia mgonjwa dawa. Chukua hiyo West Nile, iligunduliwa hapo Uganda 1937. Kati ya watu 150 walioambukizwa, ni kama mmoja tu anashambuliwa ubongo au mishipa ya fahamu, na wanane kwa kila kumi hawahisi lolote. Sasa huyo mmoja wa kitandani ana wenzake kama 149 huko nje, wanapanda feri ya Likoni, wanauza viazi karai, hawana habari. Ukimwandika malaria bila kupima wote hao umewafuta, na mtaa hauguswi. Hili ndilo linaniuma.

Tena jibu ndilo linakuonyesha ni maji gani ya kuendea mbu wanakozaana. West Nile inazunguka kati ya ndege na mbu wa Culex, hawa wa usiku wanaozaana kwa mitaro iliyoziba na mashimo ya choo, na mbu akimuuma mgonjwa hapati virusi vya kutosha kumpa mwingine kwa hivyo majirani wasimkimbie. Dengi, ile ilitusumbua 2013, mara chache nayo hufika ubongoni, lakini yenyewe mbu anaitoa kwa mtu anampelekea mtu, Aedes huyo, anauma mchana neti ikiwa imefungwa juu, na anataga ndani ya mapipa yetu tunayojaza sababu mfereji haupigi maji. Mayai yanaganda ukutani mwa pipa juu kidogo ya maji, yanakaa miezi makavu na bado yako hai, ukimwaga bila kusugua hujafanya kitu.

Daktari atibu kwanza, sawa. Ila maji ya mgongo si ameshayatoa kupima bakteria, basi yanayobaki yapelekwe maabara ya virusi, na jibu likija lisifie kwa faili, lifike kwa afisa wa afya wa mtaa anakotoka mgonjwa.