Mradi uliochelewa na mradi uliokufa

Kwenye vizimba vya sato, yaani nyavu za kufugia samaki ndani ya ziwa, mtu wa kwanza kujua kwamba mradi unakwenda vibaya ni kijana anayelisha samaki. Anasimama kwenye boti asubuhi, anarusha punje za chakula, na anaona kwa macho yake. Juzi zilimalizwa kabla hajafunga mfuko. Leo zinaelea mpaka upepo unazisukuma nje ya wavu. Samaki wanapopimwa, uzito haujapanda, na daftari linaonyesha kilo za chakula zinapanda haraka kuliko kilo za samaki. Chakula ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya gharama za ufugaji huu, kwa hiyo hapo hesabu imeshageuka. Lakini ofisini mjini, taarifa ya mwezi bado inasema kazi inaendelea vizuri, zipo changamoto ndogo ndogo na zinashughulikiwa.

Nimeanza na vizimba kwa sababu wengi katika ukanda huu wa Ziwa Victoria wameweka fedha zao huko miaka ya karibuni. Ila mambo ni yale yale kwenye ofisi inayofunga mfumo mpya wa kompyuta, au kampuni iliyofungua tawi Geita likawa haliuzi. Mwezi Machi mnaambiwa kazi imefika asilimia 80. Mwezi Juni mnaambiwa asilimia 80. Hakuna anayeuliza hizo 20 zilizobaki ni kazi gani hasa.

Swali linalogawa watu ni hili: mradi ukiyumba, uachwe au usukumwe?

Wanaotaka uachwe mapema wana mfano mzito hapa hapa nchini. Mwaka 1947 Waingereza walianza kulima karanga Tanganyika, wakilenga zaidi ya ekari milioni 3 katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Udongo wa Kongwa ukikauka, majembe ya trekta hayapenyi, na mvua yake si ya kutegemea. Mavuno ya mwanzo yalitosha kuonyesha kwamba lengo lile halifikiki, lakini malengo yakawa yanapunguzwa kidogo kidogo huku fedha zikiendelea kutoka. Mradi ulifutwa mwaka 1951, na takriban pauni milioni 36 zikawa zimekwenda. Hoja yao ni kwamba fedha iliyokwisha kutumika hairudi hata ukiendelea, kwa hiyo isiingie kwenye uamuzi. Kinachopaswa kupimwa ni shilingi itakayotoka kesho na kitakacholetwa na shilingi hiyo.

Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini wanaotaka mradi usukumwe nao wana ushahidi, na wakazi wa Mwanza wanaujua kwa kuuona. Daraja la Kigongo–Busisi liliwekewa jiwe la msingi Desemba 2019, likapangwa kukamilika 2024, na likazinduliwa Juni 2025. Meli ya MV Victoria ilisimama mwaka 2014, wapo waliodhani safari zake za Bukoba zimekwisha, kisha ikarudi majini 2020 baada ya ukarabati mkubwa. Meli mpya, MV Mwanza, ilianza kujengwa 2019 kwa mkataba wa miezi 24, na iliposhushwa majini ilikuwa Februari 2023. Mtu ambaye angekata tamaa kila tarehe ilipopita angetunyima vyote hivyo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, wanasema, na kwenye daraja hilo walikuwa sahihi.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea pale zinapotumia kalenda kama kipimo. Kuchelewa peke yake hakusemi mengi. Daraja lilichelewa, lakini sababu ya kulijenga ilibaki pale pale kila siku: foleni ya magari na wagonjwa wakisubiri kivuko. Tena kazi iliyobaki ilikuwa ikipungua, nguzo moja baada ya nyingine, na anayepita na kivuko aliweza kuihesabu. Karanga za Kongwa zilikosa hayo. Kila msimu ulirudisha tatizo lile lile la udongo na mvua, na hakukuwa na nguzo ya kuhesabu.

Basi kabla ya kuuliza tumechelewa kiasi gani, ningeuliza kama mtu tuliyemfanyia kazi hii bado anaihitaji, na kama kazi iliyobaki leo ni ndogo kuliko ya miezi mitatu iliyopita. Majibu yote mawili yakiwa ndiyo, mradi umechelewa tu, uongezewe muda. Yote yakiwa hapana, umekufa, na kinachoendelea ni mishahara na posho. Ugumu uko katikati. Kuna siku maji ya chini ziwani yanapanda juu bila hewa ya kutosha na kuua samaki kizimbani kwa usiku mmoja. Hasara kama hiyo inauma kuliko ile ya chakula kinachoelea, lakini haina maana kwamba biashara haifai. Huenda vizimba vimewekwa penye kina kifupi na vinahitaji kuhamishwa. Anayefunga kila kitu kwa sababu ya usiku huo anakosea sawa na anayelisha samaki wasiokula kwa mwaka mzima.

Kwa nini basi ukweli wa kwenye boti haufiki ofisini? Woga upo, na una sababu. Kijana wa mkataba wa miezi sita akisema, "Mzee, samaki hawali," anaweza kusikika kama anayesema mzee alikosea kuwaleta. Lakini hata bosi akiambiwa, kuna jambo jingine. Mwaka 1976 mtafiti wa Marekani, Barry Staw, aliwapa wanafunzi wa biashara zoezi la kugawa fedha za kampuni. Waliochagua wenyewe idara ya kuwekeza, kisha wakaambiwa imefanya vibaya, waliiongezea fedha nyingi kuliko wale waliorithi uamuzi wa mtu mwingine. Walikuwa wakilinda uamuzi wao.

Ndiyo maana siamini semina za kuwahimiza wafanyakazi kusema ukweli zinatosha. Mambo mawili yana nguvu zaidi. Masharti ya kusimama yaandikwe kabla fedha haijatoka, wakati hakuna ambaye heshima yake iko hatarini: chakula kikizidi kilo kadhaa kwa kila kilo ya samaki kwa mizunguko miwili mfululizo, tunasimama na kukagua. Na ukaguzi huo usiongozwe na aliyeanzisha mradi. Atapinga akisema mgeni haielewi kazi, na mara nyingine atakuwa na haki, kwa hiyo asikilizwe kwa kirefu. Uamuzi tu ndio usiwe wake.

Miradi ya wafadhili na ya serikali ina kikwazo chake. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha Juni 30, na fedha ambayo haijatumika huonekana kama uzembe. Meneja anayesimamisha kazi mwezi Mei kwa sababu nzuri anaulizwa maswali makali kuliko yule aliyetumia zote bila matokeo. Mpaka hilo libadilike huko juu, si haki kumlaumu yeye peke yake.

Kufunga nako ni kazi inayohitaji bajeti. Samaki waliofikia uzito wa kuuzika wauzwe mapema kwenye soko la samaki la Mwanza, mwaloni Kirumba, nyavu na maboya yapate mnunuzi yakiwa bado mazima, na madaftari yahifadhiwe, kwa sababu ndiyo kitu ghali zaidi mradi ulichozalisha. Mradi ukifa, si kila kitu hufa nao: bandari ya Mtwara, iliyoanzishwa kwa ajili ya zile karanga, leo inasafirisha korosho. Wafanyakazi waambiwe kabla ya wasambazaji, walipwe stahiki zao, na kijana aliyesema samaki hawali apewe nafasi kwenye mradi unaofuata, wenzake wakiona.