Lindisfarne, Kilwa na ugonjwa wa saruji

Watu wa nyumbani wakija Uingereza na kutembezwa magofu, neno ni lile lile: "Wazungu wanajua kutunza." Mimi sikubali, na Lindisfarne ndiyo ushahidi wangu.

Kisiwa hicho cha Northumberland, ambacho barabara yake huzama maji yakijaa, kilipata watawa mwaka 635, mtawa Aidan alipotoka Iona, kisiwa cha Scotland. Mwaka 793 Waviking wakakivamia. Magofu ya leo ni ya monasteri iliyojengwa karne ya 12 na watawa wa Durham, ikafungwa mwaka 1537. Kisha Waingereza wenyewe wakabeba mawe yake kwenda kujenga ngome ng'ambo ya bandari! Mnara wa kati ulianguka; ukabaki utepe mmoja wa jiwe, umepinda hewani kama upinde wa mvua. Kanisa la Mtakatifu Maria lililo jirani bado linasaliwa.

Kwa hiyo utunzaji huku ni jambo la juzi, na umekuja na makosa yake. Karne ya 20 mafundi wengi wa Uingereza waliziba viungo vya kuta za kale kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe la mchanga na haipumui, hivyo unyevu hutoka kwa kupitia jiwe lenyewe. Jiwe linalika, saruji inabaki imechomoza kama sega la asali. Sasa wanaikwangua, wanarudi kwenye chokaa.

Na chokaa ni yetu! Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ulioanza karne ya 11, ni matumbawe na chokaa iliyochomwa kwa matumbawe hayo hayo. Leo nyumba za Mji Mkongwe Zanzibar zinapigwa lipu ya saruji, na baada ya masika kadhaa inabanduka mapande mapande.

Kazi ya kuziba viungo kwa chokaa si ya siri. Chokaa ikishazimwa kwa maji, iache shimoni wiki kadhaa. Changanya chokaa sehemu moja kwa mchanga sehemu tatu. Kwangua kiungo kina mara mbili ya upana wake, lowesha ukuta, jaza, kisha funika kwa magunia mabichi siku kadhaa. Jua likiikausha upesi inakuwa unga. Huku adui ni baridi: chini ya nyuzi 5 fundi hashiki mwiko. Mchanga wa ufukweni uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi, la sivyo chumvi itaila lipu kutoka ndani.